Ile barakoa ipandishe puani, mwanangu

Mwanangu, mama yangu,

Huku wote wazima, mama yako anakusalimia, mdogo wako anakusalimia, bibi kapiga simu kutoka Newala juzi naye mzima ila magoti. Mimi pia mzima. Kikohozi cha asubuhi kipo, usianze na hicho, nitakuandikia huko mbele.

Nimeipata ile picha uliyotuma Jumapili. Mama yako kaiona akapiga vigelegele jikoni, kairusha kwenye grupu la ukoo kabla mimi sijaiangalia vizuri, mashangazi wote wameandika hongera. Mimi nikachukua simu nikatoka nayo nje kwenye mwanga nikaikuza kwa vidole. Nikaona karakana yenyewe, dirisha kubwa nyuma yako, ndoo mbili mezani, na kitu kama mguu wa mtu cha plasta umeishia magotini, na wewe mweupe kuanzia nywele mpaka kope, unacheka. Na barakoa iko kidevuni. Kidevuni mwanangu.

Mama yako anakutetea, anasema aliyepiga picha ndo alikwambia uishushe ili sura ionekane. Sawa, lakini mimi nimekaa kwenye vumbi la kuchonga vinyago miaka thelathini na nne, namjua mtu aliyeshusha barakoa kwa dakika moja na ninamjua ambaye hakuivaa toka asubuhi. Aliyeivaa akishusha unaona mstari, huku juu vumbi huku chini ngozi safi, pua safi, mdomo safi. Wewe huna mstari. Vumbi limekuzunguka mdomo wote mpaka kwenye matundu ya pua. Nimeangalia mara nyingi, nimempa na mdogo wako aangalie bila kumwambia natafuta nini, na yeye kasema hivo hivo, dada hakuvaa.

Sasa naomba unisikilize, najua uko kwenye chuo kikubwa, Yale huko Marekani, na una walimu ambao majina yao mimi siwezi hata kuyatamka, ila hili la vumbi sihitaji mwalimu. Ukisugua plasta, ukisugua udongo uliokauka, ukikata jiwe kwa grenda, lile vumbi unaloliona likiruka sio lenye shida kubwa, hilo linaishia puani utalipenga. Shida ni lile usiloliona, lile linalobaki hewani hata baada ya wewe kuzima mashine na kuvua barakoa ukajiona umemaliza kazi. Vumbi la jiwe na la udongo lina silika ndani, yale madini ya mchanga, likishafika chini kabisa ya mapafu halitoki tena maisha yako yote. Kwahiyo hata kufagia usifagie pakavu, mwaga maji kwanza, upanguse na kitambaa kibichi. Na hiyo nguo uliyovaa kwenye picha usilale nayo wala usikae nayo kitandani. Nakujua.

Alafu huko baridi inakuja. Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza mtafunga madirisha yote na kuwasha hita, na hapo ndo vumbi la watu wote mnaofanya kazi jengo hilo linabaki ndani linazunguka. Uliza lile bomba la kufyonza vumbi liko wapi, linawashwa vipi, nani ana ufunguo. Usione aibu kuuliza. Kwanza kwa pumu yako ile hewa ya baridi kavu peke yake inatosha kukubana kifua, usiiongezee na vumbi. Pampu iwe mfukoni. Sio kwenye begi, mfukoni.

Ile siku kifua kilipokubana kwenye daladala sitaisimulia, wewe ndo unaijua kuliko mimi.

Ila kuna kitu kingine, wewe hukijui kwa sababu ulikuwa na miaka minane na walikutoa nje. Yule daktari wa pumu yako aliuliza nyumbani mtoto anakaa wapi, kuna moshi, kuna vumbi, kuna nini. Nikamjibu hakuna kitu, tuna kuku tu. Mama yako alikuwa amekaa pembeni yangu, hakusema neno. Tukarudi nyumbani kwa miguu mpaka Mpakani, hakusema neno. Yeye alikuwa ameshasema mara nyingi kabla ya hapo, mtoto asikae bandani ninapochongea wakati wa msasa, na mimi namwambia mbona sisi tumekulia humo humo. Ulikuwa na mikono midogo, inaingia kwenye matundu ya ujamaa, kile kinyago cha watu waliobebana, ambako mkono wa mtu mzima haufiki, na wateja wanapenda kazi iliyosuguliwa mpaka ndani kabisa, wanaingiza kidole kupima. Vumbi la mpingo linawasha, unalijua, linachoma pua na ngozi, hata mafundi wakubwa linawatoa vipele. Basi ndo hivo. Vaa barakoa.

Na hiyo resini, ile plastiki ya maji inayoganda, uliyosema unataka kuanza nayo mwezi ujao, hapo ndo sijalala. Nilikwenda Kunduchi kwa yule kijana anayetengeneza maboti ya faibaglasi, nikamuuliza mwanangu anataka kumimina resini ya polyesta ndani ya chumba, anasemaje. Kaniambia mzee, sisi tunafanyia ufukweni, upepo wote wa bahari huu, na bado jioni kichwa kinauma na macho yanachoma. Kanionyesha barakoa yake, ile ya mpira inayobana uso, ina vikopo viwili pembeni, ndani kuna mkaa. Kasema ile ya kitambaa na ile nyeupe ya kuzuia vumbi hazisaidii kitu kwenye mvuke, zinazuia punje tu, mvuke unapita. Na hivyo vikopo vinakwisha nguvu, ukiwa umevaa ukasikia harufu jua vimekwisha au haijakubana sawasawa. Ukimaliza kazi unavifunga kwenye mfuko, ukiviacha wazi mezani vinaendelea kunyonya hewa vinajaa bure. Alinivalisha nikapumua nayo. Ni nzito, inachosha, najua utasema inakutoa jasho, lakini hiyo ndo unayotakiwa kuwa nayo. Alafu ile fomu ya kumimina, povu la plastiki linaloumuka, hiyo ina kemikali inaitwa isosianeti, inampa pumu hata mtu ambaye hajawahi kuwa nayo, sembuse wewe. Hiyo usiiguse kabisa. Mwambie mwalimu nina pumu, nitafanya kwa kitu kingine. Udongo upo, mbao ipo, kamba ipo, nguo kuukuu zipo.

Usiku mmoja nikakaa na simu nasoma. Kuna mama mmoja wa Kifaransa, Niki de Saint Phalle, bila shaka unamjua, yule aliyetengeneza wale wanawake wakubwa wanene wa rangi nyingi na ile bustani kule Italia. Mvuke wa polyesta ulimla mapafu, akahama mpaka California kutafuta hewa ya kupumua na huko ndo akafia 2002. Na kuna mwingine, Eva Hesse, huyu amesoma hapo hapo ulipo, akamaliza 1959, akafanya kazi na mpira na faibaglasi na resini, akafa 1970 kwa uvimbe wa ubongo ana miaka 34. Hakuna aliyethibitisha kwamba ni ile resini, nimelisoma hilo pia, usije ukaniambia baba unatisha watu. Lakini miaka 34. Wewe una 28.

Mama yako akaninyang'anya simu.

Sio kwamba sijivunii. Hilo naomba ulielewe vizuri maana mara ya mwisho tulipoongea ulikata simu kama mtu aliyekasirika. Mimi najivunia mpaka nashindwa kulisema mbele za watu. Mzee jirani wa kibanda cha pili ananiuliza huyo binti anasomea nini Marekani, namwambia uchongaji, anasema uchongaji si upo hapa, anaenda kufundishwa nini na Wazungu? Na mimi mwanzoni nilikuwa naona hivo hivo, uliponiambia miaka miwili hakuna mtu atakayekushika mkono akuonyeshe patasi inaingiaje kwenye mti, kwamba mnafanya kazi wenyewe usiku na mchana alafu mnakaa kikao kizima watu wanaizunguka kazi yako wanaichambua na wewe umesimama unasikiliza. Niliona huo ni uvivu wa walimu. Sasa nimefikiria. Mimi hakuna aliyewahi kuichambua kazi yangu. Mteja anauliza bei. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza huyu mtu wa chini kabisa kwenye ujamaa, aliyewabeba wenzake wote, mbona uso wake umeufanya hivo. Wewe uliniuliza. Ulikuwa mdogo nikakwambia endelea kusugua.

Kwenye hivyo vikao watakuuliza mambo ya Afrika, waambie ukweli. Vinyago vya ujamaa na vya shetani sio vitu vya enzi za mababu, hata kama sisi wauzaji ndo tunavyowaambia watalii. Ni kazi za juzi, miaka ya hamsini, Wamakonde waliovuka Ruvuma wakaja kutafuta maisha huku. Ni watu waliobuni, walikuwa wasanii kama wewe. Hilo mimi nimelisema uongo mara nyingi pale kibandani kwa sababu ya ada zenu, wewe huna haja.

Nimesoma pia hicho chuo chenu cha sanaa kilifunguliwa 1869 na kikapokea wanawake tangu mwanzo, wakati wanafunzi wa digrii ya kwanza pale Yale walibaki wanaume peke yao mpaka 1969. Miaka mia. Mimi 2009 nilimnyang'anya mtoto wa miaka kumi na mbili patasi mbele ya vijana wa bandani nikamwambia kwetu mwanamke anafinyanga, mwanaume anachonga, hata mapiko, zile sura za mbao za kuvaa ngomani, mwanamke hatakiwi kujua yanatengenezwaje. Ndivyo nilivyolelewa.

Kwenye begi lako kubwa, mfuko wa ndani wa zipu, chini ya vile vitenge, kuna patasi ndogo yenye mpini wa mpera. Sijui kama umeshaiona. Niliinoa usiku kabla hujaondoka. Ukiinoa tena tumia jiwe la maji, usiipeleke kwenye grenda itapoteza ukali.

Na Wangechi Mutu, yule wa Nairobi uliyekuwa unamsema sana, nimemtafuta. Kumbe naye amesomea uchongaji hapo hapo, kamaliza 2000. Nimeona picha za wale wanawake wake wanne wa shaba aliowaweka mbele ya lile jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York 2019, kwenye vile vijumba vya ukutani vilivyokaa vitupu tangu 1902. Wamekaa wamenyooka, mwilini kama wamezungushiwa kamba, na kichwani visahani vinang'aa. Nilipoona vile visahani nikamkumbuka mama yake bibi yako na ndonya yake, kile kisahani cha mdomoni. Nikamwonyesha bibi kwa simu ya video, akanyamaza kidogo alafu akauliza, huyo aliyemtengeneza ni mtoto wa nani? Nimeambiwa kutoka hapo kwenu mpaka New York ni saa mbili kwa treni. Nenda ukaone mwenyewe kazi za shaba zinakuwaje kwa karibu. Ila shaba ikimiminwa kuna moshi, simama mbali, upande ambao upepo unatoka. Na kama mnachomelea vyuma, mabati na mabomba yaliyopakwa zinki usichomee, ule moshi mweupe unampa mtu homa usiku anatetemeka kama malaria. Vijana wa kuchomelea hapa wanakunywa maziwa wanasema yanasafisha, hayasafishi kitu.

Lile gogo la mpingo uliloomba nikutumie sitatuma. Kwanza mpingo uko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, gogo ghafi haliruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali, litashikwa uwanja wa ndege na wewe utaingia kwenye matatizo ya bure ukiwa na viza ya mwanafunzi. Pili mti wenyewe unahitaji miaka sabini na kuendelea mpaka ufae kuchongwa, sio wa kufanyia majaribio. Tatu sitaki usugue mpingo ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Naweza kukutumia kazi iliyokwisha, ndogo, ukae nayo mezani. Niambie unataka ipi. Yule mama aliyebeba mtungi ambaye sijamuuza bado yupo, mtalii mmoja alimtaka mwezi wa nane nikamwambia ni wa mtu.

Sasa kikohozi. Mama yako kasema nisipokuandikia ataandika yeye. Nilikwenda hospitali mwezi uliopita, nikapiga picha ya kifua, nikapuliza kwenye kile kimashine mara tatu. Njia za hewa zimekuwa nyembamba. Daktari, kijana mdogo kama wewe, akaniuliza unafanya kazi gani, vumbi lipo? Safari hii nilisema ukweli. Kanipa pampu, ya bluu, kama yako ile ile. Usiku wa kwanza kifua kilipobana nikakaa kitandani nashindwa kuingiza hewa, nikaivuta, nikasubiri ile dakika inayopita kabla haijafunguka. Wewe ulikuwa unaisubiri ile dakika una miaka minane, na mimi nakwambia usilie utazidisha.

Sijafa, usipande ndege. Kazi ya msasa nimeacha, nachonga tu asubuhi nje chini ya mwembe, msasa wanafanya vijana na nimewanunulia barakoa wote wanne. Mmoja anaishusha nikigeuka. Huyo nimemwambia akiendelea hivo aondoke, tena nimemwonyesha picha yako.

Zile dola mia ulizotuma kwa ajili ya dawa yangu usirudie tena. Hizo ni za kula na za vikopo vya mkaa. Nilitaka zikae mpaka urudi lakini mama yako ameshatoa kidogo, unga na sabuni, na mchango wa msiba wa jirani wa nyuma. Zilizobaki nimefunika upande wa banda uliokuwa unavuja, mabati manne, sasa mvua za vuli zikija magogo hayatalowana. Mdogo wako anakaribia mtihani wa form four, anasoma usiku, ila kichwa chake kipo kwenye bodaboda, naomba uongee naye wewe, mimi nikiongea ananijibu ndio baba ndio baba. Hataki bandani na sijamlazimisha. Bibi anasema mikorosho imezaa vizuri mwaka huu, anasubiri mnada, akipata atatuma kidogo ununue koti. Nimemwambia koti unalo. Unalo kweli? Lile la bluu la mtumba la Karume ni jepesi, nililishika.

Na upige simu mchana wa kwako. Ukipiga saa sita usiku ya huko huku ni saa moja asubuhi, nakuwa nakohoa na wewe unakuwa umechoka, hatuongei vizuri. Mwezi wa kumi na moja mnarudisha saa nyuma, tutakuwa tumepishana masaa nane badala ya saba, mwambie na mama yako maana atachanganya. Ukimaliza kula mchana ndo wakati mzuri. Unakula nini huko? Kwenye picha shingo imekuwa nyembamba.

LUKU imebaki yuniti nne na mama yako anapiga pasi, nakwenda kununua kabla duka halijafungwa. Kesho ukiingia karakana nitumie picha nyingine, umeivaa, mwambie anayepiga asogee karibu. Alafu ukimaliza kazi uishushe, upige ya pili, niuone mstari.

Baba yako